Shemasi Aliyehamia Jikoni Kwake

Siku ya kuoshana miguu, mtu aliyekuja kanisani na miguu misafi alirudishwa nje na Shemasi. Nasema kweli tupu. Kule Bugeshi, chini ya volkano, maji yetu yalikuwa ya mvua, yaliyokingwa kwenye bati, maana ardhi ile ya mawe meusi inanyonya kila tone na kijito hakuna. Lakini wanawake wetu, kwa kuona haya, walikuwa wanajisugua nyumbani kwanza, kwa jiwe na sabuni, wanapaka mafuta, kisha njia nzima wanaruka kutoka jiwe hadi jiwe kama mbuzi ili wasichafuke. Wakifika mlangoni wanamkuta Shemasi amesimama, mikono kiunoni, hatazami uso wa mtu. Anatazama chini.

"We, ulikuya kuoshwa ao kuonyesha?" anauliza. "Mi siko hapa kwa kumwanga maji bure. Enda kule mu viazi, kanyaga kanyaga, ndiyo urudi."

Na watu walikwenda! Nimemwona mke wa mwalimu mkuu, kitenge kimekunjwa hadi magotini, anazunguka kwenye matuta ya viazi huku anasonya. Akirudi na matope hadi vifundoni, Shemasi anatabasamu kama aliyeletewa zawadi.

Kwa asiyetujua: sisi ni Wamennonite, na kwetu miguu huoshwa kabla ya Meza ya Bwana, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Kabla ya kuoshana, mchungaji humuuliza kila mmoja, mbele ya wote, kama ana amani na Mungu na ana amani na watu. Mmoja akisema hana, meza inasubiri. Sijui makanisa mengine wanafanyaje. Sisi ndivyo tulivyofundishwa.

Shemasi alizaliwa wapi, ni binti wa nani, sikuwahi kumuuliza. Miaka ile, kwetu, swali la namna hiyo lilikuwa na miiba, na wenye akili walilipita pembeni. Ninachokijua ni kwamba alikuwa mmoja wa wale wachache walioanzisha kanisa lile kabla ya vita, walipohubiriwa na watu wa Goma waliokuja kwa miguu wakipita njia za mashambani. Ndiyo maana tuliimba kwa Kiswahili wakati nyumbani kila mtu anasema Kinyarwanda. Walijenga kwa mbao na bati, juu ya msingi wa mawe meusi, jengo dogo ambalo mvua ikinyesha mchungaji inabidi anyamaze. Vita vilipokuja, wote walivuka kwenda Kongo, na kanisa likabaki na popo.

Sisi tulikuja baada ya hapo. Wazazi wangu walikuwa wakimbizi wa zamani, waliolelewa Tanzania. Baba alipata kazi upande wa Mara, na huko ndiko tulikobatizwa. Tuliporudi nchi ambayo mimi sikuwa nimeiona hata siku moja, tulilikuta kanisa limejaa viazi vya mbegu vya watu. Baba akaomba, vikatolewa, akafagia, akaanza ibada na familia nyingine chache zilizotoka Tanzania kama sisi. Kiongozi wa pale alituonyesha nyumba tukae. Baba akauliza ni ya nani. Akajibiwa, "Wenyewe walikwenda."

Baba hakumaliza mwaka. Homa ilimchukua haraka, tukamzika nyuma ya nyumba ile, karibu na ua wa miyenzi, ule mti wa maziwa machungu ambao watu wa kule hupanda kuzungushia boma. Mama alipanda maua ya njano pale, lakini baridi ikayaua.

Halafu wale waliokimbilia Kongo wakarudi. Walipita Grande Barrière, kituo cha mpakani, mchana kutwa, magodoro kichwani, watoto mgongoni, na mwanamke mmoja akapanda hadi kwetu akiwa na beseni la chuma kichwani, jeupe, lenye mdomo wa bluu. Ndani yake mlikuwa na Biblia na sufuria, basi. Mama alikuwa anachambua maharage uani.

"Jambo, mama," yule mwanamke akasema. "Hii nyumba iko yangu."

Mama, kwa kuchanganyikiwa, akasema karibu. Mgeni akazunguka, akagusa ukuta, akagusa mlango. Akafika nyuma, akaona kaburi.

"Huyu ni nani?"

"Mume wangu."

Mgeni mwenyewe alikuwa amerudi bila mume na bila watoto, na hakuwahi kutuambia walibaki wapi. Kisha akaenda jikoni, kile kibanda cha pembeni chenye mafiga na moshi, akatua beseni. "Bon," akasema. "Mi nalala hapa."

Ndivyo Shemasi alivyohamia jikoni kwake. Sheria ilikuwa wazi: mwenye nyumba akirudi, aliyekaa atatoka, akishapewa kiwanja. Mama alikubali kwa mdomo. Lakini kila kiwanja alichoonyeshwa alikitia kasoro. Hiki kina upepo. Hiki kiko karibu mno na barabara. Hiki mawe matupu, kana kwamba Bugeshi kuna mahali pasipo mawe! Miezi ikapita. Na kanisani ikawa vivyo hivyo: wa Tanzania upande wa dirishani, wa Kongo upande wa mlangoni, na manung'uniko kwamba afadhali kila kundi litafute pake. Watu wote walijua ugomvi ule wa nyumba ukiharibika, kanisa limekwisha. Tulikuwa wachache mno kugawanyika.

Fikiria maisha ya uani. Jiko letu lilikuwa chumba chake cha kulala, kwa hiyo kila asubuhi nilipiga hodi kwenda kuchemsha uji, na sauti inajibu kutoka kwenye moshi, "Ngoja nivae!" Tulipika pamoja, tukala sufuria moja, kwa sababu kuni hazikutosha moto wa pili. Lakini yeye na Mama hawakuzungumza. Waliongea kupitia kwangu, hali wamesimama pamoja hata wangeweza kushikana mikono.

"Ambia mama yako chumvi imepita."

"Mwambie Shemasi kama imezidi aongeze maji."

"Ambia yeye maji si yangu peke yangu."

Mimi katikati, mwiko mkononi, nageuka huku na huku. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, wa kuolewa, na nilijisikia kama redio.

Alikuwa mkali, huyu mama wa amani. Aliamini kabisa kwamba mkristo hashiki silaha, hampigi mtu, hata akipigwa, na angekueleza hivyo kwa sauti ya kukutoa machozi. Mbuzi wa jirani alipoingia kwenye kabichi zake alimtandika fimbo mpaka bondeni. Nikamuuliza, Shemasi, sasa amani iko wapi? "Amani ni ya watu," akajibu, anahema. "Ule mbuzi hakubatizwa." Waasi walipoanza kushuka kutoka msituni, na wanajeshi nyuma yao, kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu wa doria mwenye rungu. Nyumba yetu haikuwa na mwanaume. Akaenda yeye, na mfuniko wa sufuria na kijiko. Kiongozi akamwuliza atamzuia nani na kijiko. "Nitapiga kelele," akasema. "Kelele haiue mutu, lakini itaamusha wote." Wakamwacha. Nasikia kelele zake zilifika Kongo.

Mimi alinifundisha kulima viazi. Nilitoka kwenye mihogo na dagaa, sikujua tuta la viazi likoje, na ule udongo mweusi ulinichosha mgongo. Alinifuata nyuma akikosoa kila jembe. Siku moja akapaza sauti, "Weye wa Tanzania, unapanda viazi kama unazika mutu!" Halafu akasikia alichosema. Akaweka jembe chini, akaenda jikoni, akarudi na kiazi cha kuchoma, cha moto, amekimenya mwenyewe. Akanipa bila neno. Tukaendelea na tuta. Ninavyowafundisha wanangu leo kufunika mbegu, kwa kiganja kwanza halafu kwa jembe, ni yeye huyo. Namshukuru kila msimu.

Sasa nifike kwenye siku aliyosema hapana. Mchungaji alikuwa anatoka mjini Gisenyi, gari mpaka lami inapoishia, kisha miguu, na mkate na maji ya zabibu kwenye kikapu. Ilikuwa iwe Meza ya Bwana ya kwanza tangu makundi mawili yakutane. Kila mtu alivaa vizuri. Mchungaji akaanza kuuliza, mmoja mmoja. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akafika kwa Mama. "Ndiyo, nina amani na wote," Mama akasema, haraka, macho kwenye kikapu.

Akafika kwa Shemasi, ambaye beseni lilikuwa tayari mapajani mwake.

"Mi, hapana."

Mchungaji alidhani hakusikia vizuri. Akauliza tena.

"Nimesema siko nayo. Kila asubuhi naona muke wa mutu anafungua mulango yangu. Nakula naye, naomba naye, lakini roho inachemka. Leo nimushike muguu namna gani? Nitamubana!"

Watu wakacheka, halafu wakaona hacheki. Mchungaji, maskini, alikuwa ametembea mbali. Akasema kwa upole, "Shemasi, basi tuombe, Mungu atatusaidia, tuendelee tu."

"Pasta, uliniuliza ao ulinisalimia?"

Akaligeuza beseni, akaliweka sakafuni kifudifudi, akalikalia. Mkate ukarudi mjini.

Mama alifura. Njia nzima alisema amevuliwa nguo mbele ya kanisa. Wa Tanzania wakasema huyo mama wa Kongo anatuonea. Wa Kongo wakasema huyo mama wa Tanzania ni mwizi wa nyumba. Lakini jioni ile nilimkuta Mama amekaa karibu na kaburi, khanga imefunika kichwa. Bila kunitazama akasema, "Yeye amesema kweli. Mimi ndiye niliyedanganya kanisa." Nikamuuliza, sasa kwa nini hutaki kiwanja? Akaniambia nikatazame maharage yasiungue.

Kwa muda mrefu hatukula mkate. Walimsihi Shemasi, walimtisha, mmoja alisema avuliwe ushemasi. Yeye alikuja kila Jumapili na beseni lake, akalifudikiza, akakaa juu yake, akaimba kuliko wote. Nilimchukia kidogo, siwezi kuficha. Vita vya waasi vikachafua kila kitu, tukashuka kukaa karibu na barabara pamoja na watu wengine, tukalala chini ya plastiki, na hata huko alibeba beseni na kuacha sufuria. Tuliporudi serikali haikumsikiliza tena Mama na kasoro zake. Alipewa kiwanja kwenye kijiji kipya, nguzo zikasimamishwa, fito zikafungwa, bati likapigwa. Ukabaki udongo wa kuta. Na hapo Mama akakwama tena. Leo mgongo. Kesho maji hayatoshi. Nyumba ikasimama bila kuta kama mtu aliyevaa kofia bila shati.

Asubuhi moja nikaona Shemasi ameweka jembe begani, dumu la maji kila mkono. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie jikoni alimwambia Mama moja kwa moja, bila mimi.

"Leo tunakanyaga udongo."

"Kwa nini unijengee wewe?" Mama akauliza.

"Nakutosha kwangu, utoke. Si nilisema mbele ya kanisa?"

Udongo wa kukandika ukuta haukandwi kwa mkono. Unachimbwa, unamwagiwa maji, unatiwa majani makavu, kisha watu wanaingia na miguu mitupu wanaukanyaga mpaka uwe laini kama ugali. Wakaingia wote wawili, vitenge vimekunjwa, mimi namwaga maji. Mwanzoni kila mmoja alikanyaga upande wake. Lakini udongo wa namna ile hauna upande. Ukikanyaga huku unapanda kule, na usiposhikana na mwenzako unaanguka. Mama akateleza, akamshika Shemasi bega. Hakuliachia.

"Nikitoka pale," Mama akasema, "utalima mpaka ukutani. Kila mtu analima mpaka mlangoni, ardhi haipo. Utapanda viazi juu ya mume wangu."

Shemasi akaacha kukanyaga. Akamtazama Mama mdomo wazi, akashangaa kwa Kinyarwanda.

"Yampayinka! Ndiyo hiyo ilikuwa inakushika, hii siku zote? Mi nilifikiri unataka nyumba!"

"Nyumba ya nini? Inavuja."

"Inavuja, ndiyo," Shemasi akasema. "Ilivuja hata zamani." Halafu sauti yake ikashuka, sikuwahi kuisikia imeshuka hivyo. "Mama, sikia. Mi wangu sijui walilala wapi. Wako unajua. Hata kiazi moja sitapanda pale. Hata moja."

Mama akalia, sasa kwa sauti, katikati ya udongo, na mimi nikalia pia, dumu mkononi. Shemasi hakulia. Alitazama chini kama kawaida yake, akaona miguu yao minne imekuwa matope matupu hadi magotini, huwezi kujua upi ni wa nani.

"Eh, tazama miguu!" akasema. "Enda mbio, leta beseni."

Nilikimbia. Maji yaliyobaki ya ukuta ndiyo tuliyotumia, siku ya kazi, hakuna mchungaji, hakuna wimbo. Mama alimuosha Shemasi kwanza, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha wakabadilishana. Mara Mama akaruka.

"Unanibana!"

"Kidogo tu," Shemasi akasema. "Bado kamebaki kahasira kadogo."

Mchungaji alipopanda tena na kikapu chake, alimfikia Shemasi kwa woga, nilimwona. Akauliza. Kanisa zima likashika pumzi. "Niko nayo," akasema. "Si yote. Lakini inatosha kwa mukate." Akaligeuza beseni likatazama juu, na akaanza kuwapanga watu: wa dirishani kwa wa mlangoni, wa mlangoni kwa wa dirishani, na ole wake aliyekuja na miguu misafi. Baada ya siku hiyo kila mtu alikaa alipopata nafasi. Kanisa lile dogo liko mpaka leo kwa sababu mama mmoja alikataa kudanganya.

Mara ya mwisho kuwa naye kwa utulivu ilikuwa kabla sijaolewa huko Kanama. Nilikwenda kumuaga. Nilivaa viatu vipya, miguu nimeipaka mafuta mpaka inang'aa, maana nilitaka anione nimependeza. Alikuwa amekonda, magoti yamevimba, anatembea kwa kushika ukuta wa nyumba yake. Jikoni alimfungia mbuzi, wake mwenyewe sasa, asiyebatizwa vilevile. Alinitazama kuanzia chini, na hakufika juu.

"Vua hivyo viatu. Enda mu viazi."

"Shemasi, leo si siku ya kanisa!"

"Nimesema enda."

Nikavua, nikazunguka nyuma ya nyumba. Viazi vilikuwa vimetoa maua, shamba lote, kutoka ukutani hadi kwenye miyenzi, hakuna shibiri iliyoachwa. Matuta yalikuwa yamenyooka vizuri kama anavyopenda yeye. Yalikwenda yamenyooka mpaka yakakaribia kwa baba, na hapo yakapinda. Kila tuta lilipinda, likamzunguka, likarudi kwenye mstari wake. Katikati palikuwa na majani mafupi, yamepaliliwa, na mawe meusi yamepangwa pembeni. Mtu mwenye magoti yale alikuwa amepinda jembe lake pale, msimu baada ya msimu, peke yake.

Nilitembea kwenye tuta lililopinda, nikamzunguka baba taratibu. Mvua ilikuwa imenyesha. Niliporudi, matope yalinifika vifundoni na machozi yalinifika shingoni, na yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, beseni mbele yake, maji yamepashwa moto. Nilisema, acha, Shemasi, magoti yako. Akanipiga kofi dogo mguuni, yeye asiyepiga mtu, na akaanza.

"Uko na amani na watu wote?"

Nilitaka kujibu mara moja. Akanitazama, nikatafuta kweli kwanza.

"Na wewe ninayo," nikasema. "Yote. Asante, Shemasi. Asante kwa baba."

Alisugua kisigino changu kama hakusikia. "Na mama-mukwe?"

"Huyo bado sijamjua."

"Bon. Ukishamujua, usijibu mbio."

Akanikausha kwa kitenge chake. Kisha akanisukumia beseni, maji yake meusi kwa udongo wa shamba lake.

"Usimwange hapa, nitateleza," akasema. "Peleka kule kwa mugeni wangu, viazi vyake vikunywe."

Nikalibeba, nikazunguka tena nyuma ya nyumba, na nikayamwaga pale tuta linapopinda.